Darasa la Mwalimu Rebeka Kwenye Ghala la Pamba

Mimi ni fundi cherehani, na niseme mapema kwamba sina subira. Mteja akiniambia "shona tu utakavyoona," namrudishia kitambaa chake. Kwa hiyo mkinisikia nikimsifu mtu, jueni si kazi niliyoizoea. Ninayetaka kumweleza hapa ni Mwalimu Rebeka Masalu wa Nyabulima, aliyewafundisha watoto wadogo wa kijiji chetu miaka thelathini na miwili bila cheti, na nitaeleza pia jinsi nilivyomkosea asubuhi moja kwa kufunga mdomo.

Kijiji chetu ni kidogo lakini kina shule mbili za msingi, zote za serikali. Nyabulima iko chini, karibu na ziwa, imejengwa tangu enzi za babu zetu. Mwajombo iko juu, njia panda ya barabara inayokwenda Kisesa, na haijafikisha miaka kumi. Katikati kuna majaruba ya mpunga na mbuga ya kulishia, ambayo mvua ikinyesha inakuwa tope la kumeza kiatu. Mtu mzima anatembea dakika arobaini. Mtoto wa miaka mitano anatumia saa nzima na zaidi, kwa sababu anasimama kila anapoona panzi.

Cherehani yangu iko hapo njia panda, chini ya kibanda cha mabati. Nashona sare za shule zote mbili, na kwa sare tu ningeweza kukueleza tofauti ya madarasa yao ya awali. Sare za Mwajombo zinarudi kwangu zimechanika mifuko, kwa sababu watoto wa pale wanapewa vifaa vya kuchezea na wanavificha waende navyo nyumbani. Sare za Nyabulima zinarudi zimetoboka makalioni. Watoto wa Mwalimu Rebeka walikuwa wanakaa chini.

Mimi mwenyewe nilikaa chini kwake. Wakati ule hatukusema awali, tulisema chekechea, na darasa halikuwa shuleni. Lilikuwa ndani ya ghala la pamba la chama cha ushirika. Baba yake Rebeka alikuwa mlinzi wa ghala hilo, na msimu wa kununua pamba ukiisha lilibaki tupu kwa miezi mingi. Rebeka alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitano, amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Mama zetu walikuwa wanakwenda kupalilia na hawana pa kutuacha. Siku moja akamwomba baba yake ufunguo, akafagia, akatandika magunia, akatuita.

Kuingia kulikuwa na mtihani wake. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo unapitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Ukilifikia, umri umetosha. Mimi nina kichwa kikubwa mpaka leo, wanaonipima kofia wanajua, na siku ile vidole viliishia juu ya nywele. Nikaangua kilio. Rebeka alinitazama, akaniinamishia kichwa upande kidogo kwa kiganja chake, vidole vikagusa sikio. "Huyu ametosha," akawaambia akina mama, na akina mama wakacheka.

Lile ghala lilikuwa na harufu ambayo sijaikuta tena popote, ya mafuta ya mbegu za pamba na vumbi na magunia. Aliyesinzia alilazwa pembeni kwenye mabaki ya pamba, na akirudi nyumbani ana nywele nyeupe mama yake anamwamkia shikamoo bibi. Hatukujua Kiswahili hata neno. Rebeka alianza na Kisukuma, akawa anachomeka Kiswahili kidogo kidogo, mpaka siku moja tukajikuta tunagombana kwa Kiswahili. Natamani sana kurudi mle ndani, hata kwa nusu saa.

Tulifinyanga ng'ombe. Udongo tulichota ziwani, na kila mtoto alikuwa na kundi lake limepangwa ukutani. Wiki ya kwanza Rebeka akataka tuwatumie kuhesabia, moja, mbili, tatu. Habari zilifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Kesho yake babu yangu, Mzee Shimba, alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni.

"Binti Masalu, nasikia unawahesabu ng'ombe."

"Ni wa udongo, babu."

"Hata wa udongo. Hesabu mawe. Mawe hayafi."

Kwetu, na kwa majirani wote wa ziwani, ng'ombe hawahesabiwi kwa namba. Ukiwahesabu unawaita mabaya. Jioni babu alikuwa anasimama kwenye lango la zizi, wanapita mmoja mmoja mbele ya macho yake, mwenye baka, mwenye pembe iliyopinda, mjukuu wa yule tuliyempata kwa mahari ya shangazi. Wakiisha kuingia anasema "wametimia," au anasema fulani hayupo. Hakuwahi kutaja idadi, na hakuwahi kukosea. Rebeka hakubishana naye. Kuanzia siku hiyo tulihesabu mawe, punje za mahindi na vifuniko vya soda, na ng'ombe wakawa wa mchezo mwingine. Alikuwa anawafunika kwa kitenge, anamtoa mmoja kwa siri, anafunua. Nani hayupo? Katika ng'ombe arobaini wa udongo tulikuwa tunamtaja aliyeondoka kabla kitenge hakijafika chini.

Na sisi alitukagua vivyo hivyo. Hakuwa na daftari la mahudhurio. Alitupitia kwa macho, halafu anasema, "Yeremia hayupo, nani amepita kwao?"

Mchumba alipata, msidhani alikosa. Mwanamume mmoja wa Magu, fundi seremala, mtu wa heshima, alikuja na wazee wake. Rebeka aliwaambia wasubiri muhula uishe. Wakasubiri, muhula ukaisha, ukaanza mwingine, na watoto wapya walikuwa hawajui hata kushika mkaa wa kuandikia. Yule bwana akaoa kwao. Sisi wanafunzi wake wa zamani tulikuwa tunamtania kwamba muhula ule haujaisha, naye alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa upande wa kanga.

Baadaye upepo uliezua ghala, serikali ikaagiza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, na Rebeka akahamia kwenye chumba cha mwisho pale Nyabulima. Walimu wenye vyeti waliletwa, wakakaa miezi, wakahama. Yeye alibaki kama mwalimu wa kujitolea. Wazazi walimpa mahindi wakivuna. Watoto walikaa chini kwa sababu madawati yalikwenda kwa wakubwa.

Mwajombo mambo ni mengine. Pale yuko Mwalimu Elias, kijana wa miaka ishirini na saba, ana cheti chake, ana sauti ya kuimba. Ukuta wote umechorwa herufi na wanyama. Kuna viti vidogo vya plastiki, bembea za matairi, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Nilijaribu kumchukia nikashindwa. Anapiga magoti kuongea na mtoto. Mwezi wa kwanza mwaka jana nilimpeleka kwake binti yangu Winnie, na Mwalimu Rebeka aliponiuliza nilisema ni kwa sababu ya ukaribu. Karibu ni karibu kweli, nyumba yangu inatazamana na lango. Lakini sababu haikuwa hiyo. Nilitaka Winnie akae kwenye kiti.

Sasa mwezi wa tano likaja shirika moja kutoka mjini. Walikuwa wanalinganisha madarasa ya awali ya shule za serikali vijijini, na kwetu waliahidi kujenga darasa moja la kisasa, lenye vifaa, vyoo vidogo na uji kila siku. Moja tu. Kamati ya shule zetu ikakaa, ikaamua kwamba kijiji kidogo hakiwezi kuendesha madarasa mawili ya namna hiyo. Watoto wote wa awali watahamia kwenye shule itakayofanya vizuri, na darasa la shule nyingine litafungwa. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati. Nilinyoosha mkono kukubali kama wenzangu.

Aliyetumwa kutulinganisha alikuwa Madam Bushra, mama mpole wa Mwanza mjini, mtoto wa wafanyabiashara, mwenye miwani na sanduku la kadi. Jumanne alianza Mwajombo. Kadi za kuhesabia zilikuwa na picha za ng'ombe, rangi nzuri kabisa. Nadhani waliozichora walifikiri wanatupendeza, watoto wa wafugaji. Lakini watoto wengi wa njia panda ni wa wenye maduka na waendesha bodaboda, ng'ombe wanamjua kwenye mchuzi. Walihesabu upesi. Winnie wangu alifika tisa bila kupumua, na mimi nikapiga makofi.

Alhamisi tulishuka Nyabulima. Mwalimu Rebeka alikuwa amevaa gauni la kitenge nililomshonea mimi miaka kumi iliyopita, la kwenda nalo kanisani. Chumba kilikuwa kimefagiwa mpaka sakafu imeng'aa. Watoto thelathini na mmoja waliamkia kwa pamoja, na Madam Bushra akafurahi. Akaeleza utaratibu. Mwalimu hatasema neno wakati wa maswali, ili asiwasaidie. Wajumbe wataulizwa mwishoni kama wana la kuongeza.

Akaanza na Shigela, mtoto wa miaka sita, mwepesi kuliko wote. Akamwekea kadi ya ng'ombe watano.

"Haya, Shigela. Ng'ombe wangapi hapa?"

Shigela akaitazama kadi. "Wametimia."

"Vizuri, lakini ni wangapi?"

"Huyu mwenye baka, ndama wake hayupo."

Madam Bushra akatabasamu, akaandika. Akamwita wa pili. Huyo aliinamisha kichwa asijibu. Wa tatu akataja rangi zao mmoja mmoja, na akataja yupi mgonjwa kwa jinsi alivyosimama. Wa nne, binti mdogo sana, aliifunika kadi kwa viganja viwili asiione mtu. Kila mmoja Madam Bushra alimpa muda, akambembeleza, akaandika. Niliona kalamu inachora sifuri ile ile, moja chini ya nyingine, ukurasa mzima.

Mwalimu Rebeka alisimama karibu na dirisha. Aliwatazama watoto, kisha akanitazama mimi.

"Wajumbe, mna la kuongeza kabla sijafunga?" Madam Bushra akauliza.

Wenzangu wawili walikuwa watu wa kuja, mmoja ana duka la dawa za mifugo na mwingine ni mwalimu mstaafu kutoka Bukoba. Hawakujua. Mimi nilijua. Ilitakiwa niseme sentensi moja, madam, wape mawe. Lakini nilimwona yule mama na miwani yake, na kalamu yake nzuri, nikajiona nikimweleza kwamba sisi huku tunaogopa kuhesabu ng'ombe wasije wakafa. Ng'ombe wa kuchorwa. Nikaona aibu. Niliona aibu ya babu yangu na fimbo yake mlangoni, mimi ambaye mtoto wangu anakaa kwenye kiti. Nikainama nikajifanya nauondoa uzi kwenye sketi.

"Hatuna," akasema mwalimu mstaafu.

Mwajombo ikashinda kwa mbali. Mwezi wa saba darasa la Nyabulima likafungwa, na Mwalimu Rebeka akapewa barua ya shukrani yenye muhuri. Watu walioipeleka wanasema aliisoma mara mbili, akauliza swali moja tu, watoto wa ziwani wataletwa na nani. Wiki ya kwanza, kati ya wale thelathini na mmoja, walifika Mwajombo kumi na mmoja.

Wiki ya pili niliinua macho kutoka kwenye cherehani nikaona kamba inakuja barabarani. Ilikuwa ya katani, ndefu, yenye mafundo, na kila fundo limeshikwa na mtoto. Mbele alikuwa Mwalimu Rebeka amepandisha kanga mpaka magotini, miguu imejaa tope. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Aliwafikisha kwa Mwalimu Elias, akawakagua kwa macho mlangoni, akageuka. Elias alimkaribisha akae, akamtolea kiti chake mwenyewe. Alisema asante, lakini hakuingia. Saa sita akapanda tena kuwachukua. Mara mbili kila siku, mwanamke wa karibu miaka sitini.

Na kila akipita kwangu ananisalimia. "Mwangaluka, Selina!" Mimi naitikia huku nimeinamia kitambaa. Nilichoma kidole na sindano mara mbili wiki ile.

Wiki ya tatu Winnie alirudi akaniambia wametengwa makundi. Kundi la Simba linakaa mbele. Kundi la Kobe linakaa nyuma, ndio wale wa kamba, kwa sababu karatasi za madam zinasema hawajui kuhesabu, kwa hiyo wanaanza upya. "Shigela ni kobe," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Niliacha shati la mtu mkono mmoja haujashonwa, nikamfuata Mwalimu Rebeka aliyekuwa anateremka peke yake kuelekea majaruba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeacha kazi?"

"Mwalimu, siku ile ya kadi." Nilikuwa nahema. "Mimi nilijua. Nilijua kwa nini hawakuhesabu. Ningesema wangepewa mawe. Sikusema."

"Najua ulijua."

"Ulijua?"

"Wewe si wa darasa langu la kwanza? Ningekufundisha mimi, halafu usijue?"

Nikaanza kulia barabarani, mtu mzima, bodaboda zinapita. "Sasa kwa nini hukunitaja? Ungesema, Selina anajua, mwulizeni Selina."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mimi mwenye jibu simtaji," akasema. "Hata mlipokuwa wadogo sikuwa nawataja. Namngoja anyooshe mkono mwenyewe." Akanifuta uso kwa kanga yake, ambayo ilikuwa na tope. "Umechelewa, Selina."

Nikamwambia nitakwenda mjini kwa Madam Bushra, nitasema mbele ya kamati, nitaandika barua. Akatikisa kichwa. Darasa limeshaanza kujengwa, alisema, matofali hayawezi kuteremka Nyabulima. Na kule juu ni kuzuri, Elias ni mwalimu, watoto wanapata uji. Yeye amechoka kidogo hata hivyo. "Kitu kimoja tu kinanikosesha usingizi," akasema. "Nimeachia watoto thelathini na mmoja, wote wameandikwa wajinga."

Asubuhi yake sikufungua cherehani. Nilikwenda kwa Mwalimu Elias kamba ilipokuwa inaingia langoni, nikamweleza yote pale pale, zizi, babu yangu, kadi, na uoga wangu. Sikuona aibu tena. Masikio ya yule kijana yalikuwa yanawaka. "Mama Winnie, mimi natoka Kibondo, ningejuaje?" akasema. Akaingia stoo akatoka na debe la mahindi ya uji, akalimwaga sakafuni mbele ya kundi la Kobe.

"Shigela, njoo. Nihesabie hizi."

Shigela akapiga magoti. Akaanza kusogeza punje kwa kidole kimoja, kwa Kiswahili safi. Ishirini alipita kama hakuiona. Watoto wa mbele waligeuka kwenye viti vyao. Arobaini. Wenzake wa kamba wakaanza kumwitikia, sauti ile ile ya ghalani niliyokuwa nayo mimi, wanavuta kidogo mwisho wa kila namba. Sitini na tatu, sitini na nne. Mwalimu Elias alikuwa amekaa sakafuni amejishika kichwa.

Nikatoka mbio kumwita Mwalimu Rebeka aje asikie. Hakuwa langoni. Alikuwa ameshawakabidhi na kugeuka kama kila siku, na nilipofika barabarani alikuwa mbali katikati ya majaruba, amebeba kamba yake begani. Nilimwita mara tatu kwa nguvu zangu zote. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, hakusikia.